Maabara Tulizozichangia Zisigeuzwe Stoo

KATI ya mwaka 2012 na 2015 hapakuwa na kata katika nchi hii ambayo haikulisikia neno maabara. Rais wa wakati ule, Mheshimiwa Jakaya Kikwete, aliagiza mwaka 2012 kwamba kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Mwisho wa utekelezaji uliwekwa Novemba 2014, kisha ukasogezwa hadi Juni 2015. Watendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vitabu vya stakabadhi. Mwenye fedha alitoa fedha, mwenye tofali alitoa tofali, na asiyekuwa na hili wala lile alitoa nguvu za mikono yake, akachota maji na kubeba mchanga. Ndivyo ilivyokuwa hapa kwetu Mara, kuanzia Iringo na kata nyingine za Musoma mjini hadi vijiji vya Butiama na Bunda. Waumini wa misikiti yetu walikuwamo katika safu hiyo kama wananchi wengine wote.

Leo imepita zaidi ya miaka 10. Swali tunaloliuliza katika tahariri hii si nani alitoa na nani hakutoa. Tunauliza: vyumba vile vina nini ndani?

Jibu, kwa shule ambazo sisi na wazazi wenzetu tumepata kuzitazama, halifurahishi. Zipo zilizokamilika na zinazotumika vizuri, na walimu wake wanastahiki shukrani. Lakini ziko nyingine ambazo chumba kilichojengwa kwa ajili ya kemia kina madawati yaliyovunjika kwenye kona moja na magunia ya mahindi ya uji wa wanafunzi kwenye kona ya pili. Juu ya meza zimesimama chupa za kemikali ambazo karatasi zake zimeliwa na mende au kuchujuka kwa unyevu. Sinki limejaa vumbi. Hadubini imefunikwa kwa mfuko wa saruji. Kisha, wiki mbili kabla ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, unatokea mchakamchaka wa kufagia na kupangusa, na mtihani ukipita mlango unafungwa hadi mwaka ujao. Hatutaitaja shule hata moja, kwani tatizo hili si la shule moja, na wala hatukukusudia kumfedhehesha mwalimu ambaye pengine anafundisha peke yake masomo mawili kwa vidato vinne.

Iko sababu ya haki iliyofanya baadhi ya vyumba hivyo vibadilishwe matumizi. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 wanafunzi waliongezeka, na chumba chochote chenye paa kiligeuka darasa. Hilo tunalielewa. Tusichokielewa ni magunia ya mahindi kukaa pamoja na chupa za asidi.

Ndugu zetu, watu wengi hudhani kwamba usafi na mpangilio wa maabara ni jambo la kupendeza macho, kama vile kupaka chokaa mawe ya njiani anapokuja mgeni mkubwa. Sivyo. Katika Kiarabu maabara huitwa mukhtabar, neno linalotoka katika shina moja na khabar, yaani habari, na khibra, yaani ujuzi unaopatikana kwa kujaribu. Ni mahali ambapo kitu huulizwa khabari zake. Na kitu kikiulizwa ndani ya chombo kichafu, kinachojibu ni ule uchafu.

Wanafunzi wa fiqhi wanaifahamu vizuri tofauti iliyopo baina ya nadhafa na twahara. Nguo inaweza kuwa na tope la mvua, macho yakaiona chafu, na bado ikafaa kusaliwa. Nyingine inang'aa kwa weupe, lakini imeingiwa na mkojo wa mtoto ukakauka bila kuacha alama, na kwa hiyo haifai. Jicho si hakimu wa mwisho. Hukumu inafuata kile kilichomo. Maabara nayo ina sheria kama hiyo. Chukua bikari iliyosuuzwa kwa maji ya bomba ikakauka hata inapitisha mwanga kama kioo kipya. Mimina ndani yake maji ya bomba yale yale, kisha matone machache ya naitreti ya fedha: maji yatafanya ukungu mweupe, kwa sababu maji ya bomba yana chumvi ya kloraidi ambayo jicho halikuiona. Mwanafunzi aliyepewa dawa asiyoijua aichunguze kama ina kloraidi ataandika kwamba inayo, ilhali kloraidi imetoka bombani. Ndiyo maana suuzo la mwisho la vyombo hivyo hufanywa kwa maji yaliyokenekwa, maji ya aina ile ile ambayo mafundi huongezea katika betri za magari.

Au tuchukue bureti, ule mrija mrefu wenye namba unaotumika kupimia asidi kidogo kidogo. Mwanafunzi mwangalifu akishaiosha kwa maji huisuuza tena kwa asidi ile ile atakayoitumia. Asipofanya hivyo, matone ya maji yaliyobaki ukutani mwa mrija yanaizimua asidi yake. Atahitaji asidi nyingi zaidi kuliko mwenzake aliyeketi meza ya pili, hesabu zake zote zitakuwa sahihi na jibu lake litakuwa la makosa. Atatoka nje akisema kemia ni ngumu. Kemia haikumkosea, ni bureti. Kijana wa namna hii tunaye katika majumba yetu. Ndiye yule yule anayekuja madrasa Jumamosi asubuhi na kukaa juu ya mkeka akisahihishwa makhraji ya herufi moja mara 10 mpaka itoke mahali pake. Uzoefu wa kutoridhika na karibu-karibu anao tayari. Laiti chumba cha kemia kingemdai anachodaiwa na mwalimu wake wa tajwidi.

Lakini liko jambo zito kuliko alama za mtihani, nalo ni chupa isiyo na jina.

Kemikali nyingi hazina rangi. Asidi ya salfyuriki iliyo kali, maji, spiriti na soda kali iliyoyeyushwa, vyote vikiwa ndani ya chupa za kioo juu ya rafu moja, mtoto wa kidato cha kwanza hawezi kuvitofautisha kwa kutazama, na akijaribu kuvitofautisha kwa kunusa au kuonja basi imekuwa msiba. Mwalimu aliyemimina asidi hiyo katika chupa alijua ni nini. Mwalimu huyo akihamishwa, ujuzi ule unahama naye, na chupa inabaki. Anayekuja baada yake anarithi rafu nzima ya mafumbo. Hawezi kuitumia, hajui jinsi ya kuimwaga, na akiogopa kuigusa itakaa hapo miaka 10 mingine mpaka kifuniko chake kiliwe.

Hata zile zenye majina hazitakiwi kupangwa vyovyote. Wako wanaozipanga kwa alfabeti kama vitabu vya maktaba, wakidhani wameweka nidhamu. Alfabeti haijui moto. Asidi ya naitriki haiwekwi pamoja na spiriti. Pamanganeti ya potasiamu haiwekwi pamoja na gliserini, kwani zikikutana hushika moto zenyewe bila kiberiti. Sodiamu hukaa ndani ya mafuta, mbali na maji, kwa sababu ikiguswa na maji hulipuka na kuwaka. Asidi kali huwekwa rafu ya chini kabisa, ili ikianguka isipitie usoni mwa mtu. Na anayetaka kuizimua asidi huimimina asidi katika maji polepole. Hamimini maji katika asidi, kwa kuwa joto linalozuka huirusha asidi hiyo machoni. Mambo haya si siri za wataalamu. Yamo katika vitabu vya kidato cha kwanza, sura za mwanzo kabisa, zile zinazosomwa haraka ili darasa lifike kwenye mada zinazotoka katika mtihani.

Tusije tukadhani kwamba ni wenye shule tu wanaosemwa hapa. Fundi betri anayeweka maji ya asidi katika chupa ya maji ya kunywa, na mama anayenunua mafuta ya taa katika chupa ya soda akaiweka chini ya meza ambapo mtoto wa miaka miwili anafika, wote wawili wamefanya kosa lile lile la chupa isiyo na jina. Tofauti ni kwamba mtoto huyo hajafika kidato cha kwanza.

Sasa tuingie hospitalini, maana huko maabara haitoi alama bali inatoa hukumu ya dawa. Kwetu kandokando ya ziwa malaria ni ugonjwa wa kila nyumba. Vipimo vya haraka vimeenea siku hizi, lakini hadubini haijaondoka: ndiyo inayohesabu vimelea na kumwambia daktari kama dawa inafanya kazi. Tone la damu hupakwa juu ya kioo, likapakwa rangi iitwayo Giemsa, kisha likatazamwa. Rangi hiyo ikikaa muda mrefu bila kuchujwa, au kioo kikiwa na vumbi na mikwaruzo, hubaki chembe ndogo nyeusi na za zambarau ambazo mtazamaji asiye makini huziona kuwa ni vimelea. Mgonjwa anaandikiwa dawa ya malaria. Homa yake inatokana na jambo jingine kabisa, ambalo linaendelea kumla ndani kwa ndani huku akimeza vidonge vya ugonjwa asiokuwa nao. Mafuta yanayowekwa juu ya kioo ili lenzi kubwa ione vizuri nayo yasipofutwa kila siku hukauka juu ya lenzi, na katika unyevunyevu wa kando ya ziwa ukungu huota humo mpaka hadubini ya fedha nyingi ikawa haioni. Na kioo kisichoandikwa jina la mwenyewe wakati ule ule damu inapotolewa? Hapo Juma atatibiwa ugonjwa wa Hamisi.

Wazee wetu katika dini waliliona jambo hili mapema, wakaliwekea ofisi. Katika miji ya Kiislamu alikuwako muhtasib, mtu wa hisba, aliyepita sokoni kukagua mizani, vipimo na usafi wa sehemu za kazi. Vitabu viliandikwa kumwelekeza. Mojawapo ni Nihayat ar-Rutba cha Abdurrahman bin Nasr Ash-Shayzari, mwanachuoni wa Sham wa karne ya 12. Humo utakuta mlango wa waoka mikate, na anayeusoma leo hushangaa. Mkandaji wa unga hatakiwi kukanda kwa miguu wala magoti. Hufunika mdomo na pua, asije akapiga chafya au kuzungumza mate yakaangukia unga. Hufunga kitambaa paji la uso ili jasho lisidondoke. Hunyoa nywele za mikono. Na mchana husimama mtu pembeni yake mwenye kipepeo cha kufukuzia nzi. Hayo ni miaka 800 na zaidi kabla ya Musoma kuona barakoa za mwaka 2020. Wauza dawa na matabibu walikuwa na milango yao katika vitabu hivyo hivyo, kwa sababu ya wingi wa udanganyifu uliofanyika katika dawa.

Kabla ya Ash-Shayzari, Abu Bakr Muhammad bin Zakariya Ar-Razi, tabibu wa mji wa Rayy aliyesimamia hospitali huko na Baghdad, aliandika Kitab al-Asrar, kitabu cha kemia, akakigawa sehemu tatu: vitu, vyombo na kazi. Sehemu nzima, moja katika tatu, ni ya vyombo: tanuri, koleo, makasha ya kuyeyushia, chupa za kukenekea, chujio. Vyombo vya kuyeyushia madini aliviweka mbali na vyombo vya kazi nyingine. Mwenye kusoma kemia katika Kiarabu hukutana na kitabu hicho kila anapofungua historia ya elimu hii, na sisi hupenda kujisifu kwamba Waislamu waliianzisha. Kujisifu huko kuna maana gani kwa jamii ambayo ufunguo wa maabara ya watoto wake haujulikani uko kwa nani?

Tuje kwenye mfano wa karibu zaidi, wa nchi yetu wenyewe, ambao tunaona haujaelezwa vya kutosha misikitini. Anayepita katika hospitali za serikali huenda ameona ukutani bango lenye maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Wengi hupita wakidhani ni kaulimbiu ya sherehe fulani. Maneno haya yana safari ndefu. Yalianzia katika viwanda vya Japani, nako huitwa seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke, yote yakianza na herufi S. Kutoka viwandani yaliingia hospitalini. Mwaka 2000 hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka, nchi isiyo tajiri, ilianza kuyatumia ikabadilika kiasi cha kuwa darasa kwa nchi nyingine. Mwaka 2007, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Japani, JICA, nchi kadhaa za Afrika zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda zilipelekwa kujifunza huko, na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikawa ya kwanza kwetu kujaribu. Mwaka 2009 Wizara ya Afya ilikuwa tayari imetoa mwongozo wa taifa. Hakuna kilichonunuliwa kwa bei kubwa katika mpango huo, na hapo ndipo ilipo hikma yake.

Sasambua ni kuondoa. Unaingia chumbani, unauliza kila kitu: wewe unatumika? Kiti kibovu kinatoka, dawa iliyopita muda inatengwa, karatasi za mwaka juzi zinahifadhiwa panapostahili. Hatua hii ndiyo inayowashinda Waswahili, tuseme kweli, kwa kuwa sisi tuna huruma na vitu vibovu. Feni iliyokufa tunaiweka juu ya kabati tukisema ipo siku. Seti ni kukipa kila kitu mahali pake na kuandika jina mahali hapo, ili hata mgeni aliyeingia usiku aone nafasi tupu na kujua ni kitu gani kimekosekana. Safisha inaeleweka, ila wenye mpango huu wanaongeza jambo zuri: anayefuta mashine kwa mkono wake ndiye wa kwanza kuona ufa, waya uliochubuka au tone linalovuja. Kusafisha ni kukagua. Ndiyo maana si kazi ya kumwachia mhudumu peke yake huku mtaalamu amekaa.

Sanifisha ni kuyafanya hayo matatu kuwa utaratibu ulioandikwa, nani afanye nini na siku gani, badala ya kutegemea moyo wa mtu mmoja mzuri. Na ya tano, Shikilia, ndiyo iliyowashinda wengi. Hospitali nyingi zimeweza kufanya usafi mkubwa wa siku moja, picha zikapigwa. Miezi sita baadaye mistari ya rangi iliyochorwa sakafuni inafunikwa na maboksi. Wanafunzi wa dini wana neno la jambo hili, istiqama, nao wanajua kwamba amali ndogo yenye kudumu ina uzito kuliko kubwa ya siku moja. Tungefurahi kuona neno hilo likitoka katika darsa za Ramadhani likaingia katika chumba cha vipimo.

Yuko atakayesema: haya ni mambo ya wazungu na Wajapani, sisi tuna njaa. Tunamwomba aende Mwigobero akawaulize wazee wa samaki. Mwaka 1997 minofu ya sangara kutoka Ziwa Victoria ilikutwa na bakteria wa salmonella huko Hispania na Italia. Mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi kutoka nchi zetu kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ukazuia tena, mara hii kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu za mashambani. Mtu anaweza kubishana, na wako waliobishana kwa hoja, kwamba katika suala la kipindupindu Ulaya ilizidisha hofu. Lakini viwanda vilivyosimama, vibarua waliorudishwa nyumbani na bei ya sangara iliyoanguka ufukweni havikungoja mabishano yaishe. Soko lilifunguka tena baada ya sakafu za viwanda kubadilishwa, vyoo na maji ya kunawia kuwekwa, wakaguzi kupewa nguvu, na nchi kuwa na maabara ya kuthibitisha inachosema. Ndiyo kazi inayofanywa na maabara ya taifa ya ubora wa samaki iliyoko Nyegezi, Mwanza. Uchafu wa mwalo mmoja ulikula chakula cha ziwa zima. Aliye na njaa ndiye hasa anayehitaji meza safi.

Msomi mmoja kijana alitupinga kwa hoja nyingine, na tunaona ni vema ijibiwe. Alisema: Alexander Fleming wa London aliigundua penisilini mwaka 1928 kwa sababu maabara yake ilikuwa vurugu, aliporudi kutoka likizo alikuta ukungu umeota katika sahani aliyoiacha. Ni kweli kabisa. Lakini Fleming aliuona ukungu ule kuwa ni jambo la ajabu kwa kuwa alijua hasa ni bakteria gani aliowapanda katika sahani ile. Asiyejua ameweka nini hawezi kushangaa amekuta nini. Kisha, ukungu huo haukuwa dawa. Ulikaa zaidi ya miaka 10 mpaka Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wa Oxford walipoukamua na kuusafisha kwa kazi ya kupima na kurudia kupima, na mgonjwa wa kwanza wa matibabu yao alidungwa mwaka 1941. Bahati ilikuwa ya asubuhi moja. Dawa ilitoka kwenye mpangilio.

Hatuwezi kulimaliza jambo hili mkoani Mara bila kutaja sehemu ya kazi iliyo hatari kuliko zote tulizozieleza, nayo haina mlango wala rafu. Ni ua wa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Huko Buhemba na sehemu nyingine za mkoa, mchanga uliosagwa huchanganywa na zebaki, zebaki hushika dhahabu, kisha donge hilo huchomwa ili zebaki iondoke. Inaondoka kwenda wapi? Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Huingia mapafuni mwa anayechoma na mwa mtoto aliyekaa karibu naye akiota moto. Pale ambapo jiko la kuchomea ndilo jiko la uji, na karai la kuoshea mchanga ndilo la kufulia, nyumba nzima imekuwa tanuri. Mabaki yanayotiririka kuelekea mtoni na ziwani hubadilishwa na vijidudu vya matopeni yakawa sumu inayokusanyika katika samaki. Mji wa Minamata huko Japani ulilipa gharama hiyo. Ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, baada ya kiwanda kumwaga zebaki katika ghuba ambamo watu walivua. Mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Tunawajua ndugu zetu wachimbaji. Baadhi yao husali nasi wanaposhuka mjini. Hatuwaambii waache kazi. Tunawaambia kuchoma kufanyike mbali na nyumba, ndani ya chombo kilichofungwa kinachorudisha mvuke ukawa zebaki tena, ambacho mchimbaji anafaidika nacho kwa kuwa zebaki hununuliwa kwa fedha. Vyombo vya kazi hiyo visivuke kizingiti cha jiko. Nguo za kazi zivuliwe hukohuko. Mwenye mke mjamzito na alifikirie hili kabla ya mengine yote, kwani zebaki humfikia mtoto aliye tumboni na kumharibia ubongo.

Turudi kwenye shule, maana hapo ndipo mkono wetu unafika kwa urahisi. Bodi za shule zina wawakilishi wa wazazi, na mikutano ya wazazi ipo. Mzazi aliyechangia tofali ana haki ya kuomba kuoneshwa chumba. Aende kwa adabu, amwone mkuu wa shule, asiende kama askari. Aulize mambo matatu au manne tu: ufunguo uko kwa nani, kuna daftari la vifaa na kemikali, na lilijazwa lini mara ya mwisho, chupa zisizo na majina ni ngapi, na chakula cha wanafunzi kinawekwa wapi. Akijibiwa kwamba hakuna mtaalamu wa maabara, na mara nyingi atajibiwa hivyo, jambo hilo lipelekwe kwa diwani na halmashauri kwa maandishi, kwa kuwa kumdai mwalimu mmoja afundishe, asahihishe, aoshe bikari na kutunza asidi ni kumdhulumu.

Kemikali zisizojulikana zisiguswe na vijana wa kujitolea. Tunalisisitiza hili kwa sababu tunaijua bidii ya vijana wetu wanapoambiwa kuna kazi ya kheri. Chupa hizo zitengwe zilipo na chumba kifungwe, wataalamu waitwe kupitia halmashauri au hospitali ya mkoa. Hazimwagwi chooni wala mtaroni, kwani mitaro ya Musoma inaishia ziwani, na maji ya mji huu yanatoka ziwani.

Yaliyobaki yanawezekana kwa nguvu za jamaa wa msikiti mmoja. Maseremala wetu wanaweza kutengeneza rafu zenye ukingo wa mbele ili chupa isiteleze. Zinahitajika kufuli mbili, kalamu za wino usiofutika, gundi na karatasi za lebo, ndoo mbili za mchanga mkavu, bikaboneti ya soda ambayo mama zetu huitumia jikoni, kwa ajili ya asidi iliyomwagika mezani, na pipa la maji lenye bomba kwa shule ambayo maji hukatika, kwa sababu ngozi au jicho lililopatwa na asidi halingoji mgao. Magunia ya mahindi yahamishwe kwanza kabla ya jambo jingine lolote. Kamati za misikiti ya Iringo na jirani zinazotaka kushiriki zituletee majina ya mafundi wao kabla ya toleo lijalo, nasi tutayafikisha kwa bodi za shule ambazo zitakuwa zimekubali kufungua milango.